Vigingi Vilivyonyooshwa

2 Machi

Dada yangu mpenzi, pokea salamu nyingi kama mchanga ninaoukung'uta miguuni kila asubuhi. U hali gani? Magoti yako je? Na binti yetu, mshono umepona? Na huyo bwana mdogo, mjukuu wetu, ameacha kulia usiku au bado anawakesha? Sisi huku wazima kwa rehema za Mungu. Mzee wangu kikohozi kimempungua, mdomo ndio haujampungua.

Siku ya kuondoka kwenda kumtunza binti uliniambia, "Usiniandikie za heri na fanaka. Niandikie pwani." Basi nimetii. Simu huko kwenu haishiki mpaka mtu apande kilimani, na hata ikishika tutaulizana ya watoto na dawa, muda uishe. Nitaandika humu kila siku yenye jambo, na msimu ukiisha nikutumie yote kwa mkupuo. Ukiona mwandiko umelala, ujue nimeandikia kwenye meza ya cherehani, sare za watoto wa watu zimenibana kushoto na kulia.

Kuhusu kiti chako: wote tumekubali mumeo akukaimu uenyekiti wa kikundi chetu cha kulinda kasa mpaka urudi. Shemeji ni mtu wa kazi. Nilisema kikaoni, fundi aliyetengeneza nusu ya milango ya mtaa huu hawezi kushindwa na kasa. Watu wakacheka, naye akavaa miwani yake ya kupimia mbao kana kwamba ameapishwa.

5 Machi

Hakuna alama. Mawimbi tu, na kandambili moja ya kushoto.

6 Machi

Hakuna. Kandambili ile ile.

9 Machi

Dada, huyu mfagiaji wa hoteli, huyu tunayemwita Bwana Reki, ananitafutia dhambi. Namaliza sala yangu, nateremka pwani kabla jua halijachomoza, namkuta yeye na reki lake amekwisha kupita ufuko mzima, mchanga umelainika kama shuka la hospitali. Kasa akipanda usiku kutaga, ile njia anayoichora kwa mapezi ndiyo barua yake kwetu. Sasa mtu akiifuta, tutajuaje kama alikuja?

Nikamwambia, "Bwana, si tulikuomba uanze baada yetu?"

Akasema bila hata kusimama, "Mama, mimi nimeajiriwa kufuta. Ningeajiriwa kusoma, ningesoma."

Nesi, mwenzetu wa kikundi niliyefuatana naye, nusura acheke. Mimi sikucheka. Nimerudi nyumbani nimechemka, nikashona mkono wa shati mahali pa kola. Mzee wangu ananiuliza, "Nani kafa?" Nikamwambia bado.

14 Machi

Kiota cha kwanza! Mungu ni mwema. Bwana Reki alichelewa leo (amesema jino), nasi tukaikuta njia yote kamili, kutoka majini mpaka karibu na ukuta wa hoteli, na kurudi. Nimechomeka kigingi kama ulivyotufundisha: si juu ya mayai, bali hatua chache nyuma yake upande wa ukuta, nikakiinamisha kidogo, kielekee kule mayai yaliko. Mwizi akichimba chini ya kigingi anapata mchanga na aibu. Sisi tunaotembea alfajiri tunatazama tu kinakoinamia, tunajua.

Nesi alisema, "Mama, hii ndiyo siri pekee mtaani ambayo haijafika sokoni." Kweli. Uliwaapisha watu, nao wameshika.

20 Machi

Shemeji amezungumza na meneja wa hoteli, na amezungumza vizuri. Makubaliano: vitanda vya wageni vya kuotea jua havitakaribia kigingi chochote. Meneja yule kijana mwenye viatu visivyojua mchanga amekubali na kupeana mkono. Nimempelekea shemeji birika la chai kumshukuru. Mgongo wake haumruhusu kutembea nasi alfajiri, lakini kwa maneno anatufaa.

28 Machi

Keti, dada. Kama umesimama, keti.

Amekuja.

Tulimkuta bado yupo juu, kumekucha kabisa, anga limekuwa jeupe naye bado anachimba. Sikuhitaji kusogea nijue ni nani. Nilipoona mchanga unaruka upande mmoja tu, nikasema, "Bi Kipande." Nesi akanishika mkono. Ni yeye: pezi la nyuma la kulia limeishia njiani, kama ulivyomwona mara ya kwanza ukampa jina. Anachimba kwa pezi zima, kisha anatupa na lile la kipande kwa zamu yake, kana kwamba bado lipo, halitoi hata chembe, anasubiri, anarudi kwa zima. Hachoki, haoni haya. Machozi yale yanamtoka, unayajua. Nesi husema ni chumvi tu. Mimi nasema hata yangu ni chumvi.

Shimo lake ni fupi, kama kawaida yake. Mayai ya juu yamekaa karibu sana na uso wa mchanga. Uzito wowote ukikaa pale, yamekwisha. Lakini tulishindana kidogo tuyahamishe au la, na tukakumbuka neno lako: mayai yake hayana bahati ya kuhama, mara zile mbili tulizoyahamisha hayakuanguliwa. Tukayaacha. Nikachomeka kigingi, nikakiinamisha kwa uangalifu kama ninayetia uzi kwenye sindano.

Bwana Reki alikuja akasimama mbali, reki begani. Nilimkazia macho yale ya mama yetu. Alisubiri mpaka Bi Kipande akaingia majini. Hata hivyo simwamini.

Nimeomba leo, dada. Sikuomba vingi. Nimeomba watoto wa huyu mmoja wafike majini, ili ukirudi nikupe habari hiyo mkononi.

2 Aprili

Kiota cha tatu na cha nne. Cha tano kiliibiwa na mbwa, si na watu. Nimemtukana mbwa, kisha nikatubu.

11 Aprili

Mvua.

12 Aprili

Mvua. Paa la jikoni linavuja juu ya jiko hasa, kana kwamba limepima.

13 Aprili

Mvua, na sare za shule zinadaiwa Jumatatu. Nesi yuko zamu hospitali. Wengine wana homa. Hakuna aliyetembea tangu juzi. Shemeji alipita dirishani na koti la mvua, akasema, "Tulieni, mimi nipo pwani." Nikasema Mungu akubariki. Nilisema hivyo kwa mdomo wangu huu.

15 Aprili

Sijui nianzie wapi.

Mvua imekatika, nimeteremka alfajiri. Nimeona kitu cheupe kule ukutani. Nikadhani ni uzio mpya wa hoteli. Nikasogea. Ni vigingi vyetu, dada. Vigingi vyetu vyote. Vimepigwa randa, vimepakwa rangi nyeupe, vimesimama wima chini ya ukuta kwa mstari mmoja, sawasawa, kama askari wanaosubiri kukaguliwa.

Nilikaa chini. Mchanga ulikuwa umelowa, nilikaa hivyo hivyo.

Shemeji alitokea nyuma yangu, anachechemea na mgongo wake, anatabasamu uso mzima. Mkononi ana uzi wa kupimia na ile timazi yake ya shaba ya kupimia wima.

"Umeviona? Dada yako akirudi atajua mume wake hakulala."

"Shemeji, umefanya nini?"

"Vilikuwa vimelala kama walevi! Kimoja huku, kimoja kule. Kila nikipita jino linaniuma. Nimeving'oa vyote, nimevisafisha, nimepaka rangi mara mbili, nikavuta uzi, nikavirudisha huku juu maji yasivifikie. Pima utakavyo. Timazi haidanganyi."

"Timazi haidanganyi," nikasema, "lakini haijawahi kutaga!"

Nikamweleza. Kuinama kulikuwa ndiyo alama yenyewe. Kila kigingi kilikuwa kidole kinachoonyesha, naye amevikata vidole vyote akavipaka rangi. Nilipaza sauti, dada, mpaka wapishi wa hoteli wakatoka na vijiko.

Akanisikiliza. Tabasamu likamtoka pole pole. Kisha naye akawaka: "Mtu gani mwenye akili anaweka alama iliyopinda?"

"Sisi tulioiweka!"

"Na nani aliniambia?"

Nikaondoka. Nyumbani mzee wangu akaniuliza tena nani kafa. Safari hii nikamwambia, "Pengine mia kadhaa."

16 Aprili

Tumetembea na Nesi na wenzetu kutafuta tulipokuwa tumeweka. Mvua imejaza kila shimo, imekata ufuko upande mmoja na kuujaza mwingine. Mimi nasema Bi Kipande alitaga mbele ya taa ya tatu ya bustani ya hoteli. Nesi anasema kati ya ya tatu na ya nne. Mwenzetu mmoja anaapa ilikuwa ya pili. Kuchimba kutafuta hatuwezi: mayai ya siku hizo ukiyageuza umeua. Tumerudi mikono mitupu.

18 Aprili

Sisemi na shemeji.

21 Aprili

Bado sisemi naye. Alileta kabati la jirani yangu akapita dirishani akakohoa. Nikaongeza kasi ya cherehani.

23 Aprili

Leo meneja amenionyesha meno. Nimekuta vitanda vya wageni vimejaa ufuko mzima, vile vizito vya mbao, safu kwa safu, mpaka mbele ya taa ya tatu. Nikamfuata ofisini na mchanga wangu miguuni.

"Mama, karibu. Tatizo nini?"

"Makubaliano yetu. Vitanda vimekaa juu ya viota."

"Makubaliano ni kwamba kitanda kisikaribie kigingi. Vigingi viko ukutani. Kitanda changu kipi kiko ukutani?"

"Vigingi vimehamishwa kwa makosa!"

"Na nani? Na wafanyakazi wangu?"

Ningesema nini? Na shemeji yangu?

"Basi mama, mkinionyesha kiota, naondoa kitanda. Kiota kimoja, kitanda kimoja. Mimi si mtu mbaya."

Si mtu mbaya! Watu wabaya, dada, nimewazoea, unajua wameshika panga au kikapu. Huyu anakuua kwa adabu na kukupa maji baridi. Nimeyakataa maji yake nikiwa na kiu, nikatembea nyumbani na kiu yangu.

27 Aprili

Sala haipandi. Nafungua mdomo kumwomba Mungu, nasikia nimeanza kumshtaki shemeji.

4 Mei

Bwana Reki amekuja nyumbani kwangu. Sikujua kwamba anapajua. Alisimama mlangoni bila reki, nikaona ni mtu mfupi kuliko nilivyodhani.

"Mama, njoo. Sijagusa."

Tukaenda. Upande wa mwisho wa ufuko, mbali na taa ya tatu, kitanda kimoja kilikuwa kimezama mguu mmoja. Mgeni alilalamika kwamba kinayumba, akatumwa Bwana Reki kukinyoosha. Alipokiinua, mguu ulitoka na utando wa njano.

Nimepiga magoti. Nimechimba kwa mikono, maana hapo hapakuwa tena na cha kuogopa. Kilikuwa kiota cha kwanza, kile cha siku ya jino. Mguu wa kitanda uliingia katikati yake, na yaliyopasuka yakaoza, na kuoza kukala mengine yote mpaka chini. Ndani ya machache walikuwa wamekwisha kuumbika, dada. Mapezi wanayo. Wamekunja shingo kama watu wanaosali. Nimewatoa mmoja mmoja nikawapanga kwenye mtandio wangu, sijui kwa nini, nilitaka tu walale juu ya kitu cha mtu.

Wageni wawili walisimama kutupiga picha. Bwana Reki akageuka akawaambia, kwa upole kabisa, "Hapana. Hii hapana." Wakaenda. Kisha akachukua koleo akatuchimbia shimo nyuma ya ukuta, tukawazika. Akavua kofia.

"Meneja akiuliza," akasema, "mimi sikukuita."

"Hukuniita," nikasema. Nikamwomba radhi kwa macho yale ya siku ile. Akasema alikuwa na mke mwenye macho makali zaidi.

Kutoka pale nilikwenda moja kwa moja karakana ya shemeji na ule mtandio mkononi. Alikuwa anapiga randa. Nikautandaza juu ya mbao yake, na harufu yake na madoa yake. Yeye ndiye aliyezima redio. Nikamwacha nao.

5 Mei

Sikulala vizuri. Asubuhi nimesali kwa maneno machache: Bwana, hasira hii uliyonipa, nipe na kazi ya kuifanyia.

6 Mei

Nimepata kazi.

Nimechukua cherehani ya mkono, ile ya mama, na kigoda, na furushi la sare, nikateremka pwani wafagiaji walipokuwa wanatandika vitanda. Nikakaa mbele ya taa ya tatu. Nikaanza kushona.

Meneja akaja mbio, viatu vikizama. "Mama, samahani, hapa ni pa wageni."

"Na mimi nimekuja kutembea. Ufuko ni wa watu wote, hoteli yako inaishia ukutani. Ulisema nikuonyeshe kiota. Kiota changu kiko mahali fulani kati ya hapa na pale, kwa hiyo nakaa hapa mpaka pale."

"Mtu mmoja hawezi kukaa hapa mpaka pale."

"Tutaona."

Mchana Nesi alitoka zamu akaja na mwavuli na kikapu cha pamba za kukunja. Wawili wengine wakaja na mboga za kuchambua. Kila mtu na kazi yake ya nyumbani, tumejipanga ufukoni kama tunangoja mazishi au harusi. Vitanda vikakosa pa kukaa.

Mzee wangu amepika mwenyewe leo. Anasema kama angejua kukaa kwenye mchanga kunamfanya mtu asikilizwe, angekaa zamani.

8 Mei

Wageni wanakuja kuuliza. Mwanamke mmoja ameniletea suruali iliyochanika, nimemshonea. Amekwenda kumwuliza meneja kwa nini tunalazimika kukaa juani. Mungu ana watu wake kila mahali.

9 Mei

Shemeji amekuja.

Alisukuma toroli peke yake na mgongo ule, na ndani yake benchi la useremala, lile fupi, na randa, na mbao. Hakuniangalia. Alitafuta mahali mbali kidogo na mimi, karibu na taa ya nne, akasimamisha benchi, akapima kwa pima maji kama limekaa sawa. Juu ya mchanga! Nikasikia Nesi anavuta pumzi ili asicheke.

Baada ya muda nikamwuliza kwa mbali, "Unatengeneza nini?"

"Makofia."

"Makofia ya nani?"

"Ya taa." Akaendelea kupiga randa. "Nimemwuliza Nesi. Amesema watoto wa kasa wakitoka hufuata mwanga, wanadhani ni bahari. Taa za bustani zitawapeleka kwenye mtaro. Kwa hiyo taa zinataka makofia, ziangaze chini tu."

Nikashona mshono mzima. Kisha nikasema, "Ndani utahitaji kitambaa cheusi. Kizito. Ninacho."

"Kama unacho," akasema.

Ndiyo hivyo tulivyoanza kusemezana. Usidhani nimemsamehe. Nilikuwa nimemkopesha kitambaa.

13 Mei

Makofia manne. Meneja amekataa yawekwe: "Yanaharibu mandhari." Mandhari!

17 Mei

Mvua kidogo. Tumekaa chini ya turubai. Shemeji anaendelea na benchi lake. Maranda ya mbao yametapakaa hadi kwangu. Nimemwambia kiota hakiko kwake, kiko kwangu, kwa hiyo asije akajisifu. Nina uhakika. Taa ya tatu, nimeapa.

21 Mei

Bwana Reki amepita akifagia. Akaegemea reki, akasema kama anayezungumza na bahari, "Taa za nje nazizima mimi. Swichi iko stoo ya mareki."

Akaenda zake.

26 Mei

Dada, keti tena.

Jua lilikuwa limezama, bado kunaonekana. Tulikuwa tunafungasha. Shemeji alikuwa amejishika kiuno, ameinama kukusanya misumari chini ya benchi. Nikasikia anasema, "Ee."

Halafu, "Shemeji. Njoo. Pole pole."

Chini ya benchi lake, dada. Si kwangu. Si taa ya tatu. Katikati ya miguu minne ya benchi alilolipima kwa pima maji, maranda yalikuwa yanacheza. Nilidhani upepo. Kisha randa moja lililojikunja likainuka, na chini yake kichwa cheusi, kidogo kama tunda la mzambarau, kinapepesa macho. Na kingine. Na kingine. Mchanga ukaanza kuchemka kama uji.

"Sisogei," shemeji akanong'ona. "Niambie nisogee wapi, maana sisogei." Alikuwa amebaki ameinama vile vile na mgongo wake mbovu.

Nesi akakimbilia kuondoa furushi langu njiani. Mimi nilitazama juu: taa za bustani ziliwaka, zote kwa pamoja, nyeupe. Na wale wadogo, waliokuwa wameelekea majini, nikawaona wanasita. Wanageuka. Mmoja, kisha kundi, wanapanda kuelekea ukutani. Nikapiga kelele, sijui nilisema nini, nadhani nilimwita Mungu na Bwana Reki katika pumzi moja.

Giza. Taa zote zilizimika. Tukasikia meneja anaita huko juu, "Nani kazima? Nani?" na hakuna aliyemjibu.

Wakageuka, dada. Bahari ilikuwa bado na mwanga kidogo, ule wa mwisho, nao wakauona. Wakateremka wote, wengine wameburuta maranda mgongoni kama mashali. Waliokuwa wamekwisha kufika kwenye mtaro wa hoteli tuliwafuata. Shemeji alilala kifudifudi kwenye zege, suruali yake nzuri na yote, akaingiza mkono wake mrefu mtaroni, akawatoa mmoja mmoja akinipa. Nilimsikia akiwahesabu kwa sauti ndogo, kisha akaacha kuhesabu, akabaki anasema tu, "Huyu. Na huyu. Na huyu." Baadhi hatukuwawahi. Sitakuficha, ulisema nisikufiche. Lakini wengi, dada, wengi sana, waliingia majini. Watoto wa Bi Kipande. Ile habari ninayo mkononi.

Nilikaa kwenye maji na nguo zangu. Shemeji alibaki amelala kwenye zege. Mgongo ulikuwa umemkamata. Ilibidi tumbebe kwenye toroli lake mwenyewe. Njiani akasema, "Benchi lilikuwa limekaa sawa lakini."

"Lilikaa sawa," nikamjibu. "Juu ya kiota."

Tukacheka mpaka Nesi akatukataza kwa ajili ya mgongo.

27 Mei

Meneja amemwita Bwana Reki ofisini. Nimekwenda nami, na Nesi, na yule mgeni wa suruali, na nusu ya wageni wengine walioshuhudia jana na wanaotaka kujua kama watawaona wengine. Meneja ameangalia watu, akatabasamu yale meno. Bwana Reki bado ana kazi. Makofia yanawekwa kesho. Meneja amewaambia wageni kwamba lilikuwa wazo la hoteli. Niliuma ulimi mpaka nikasikia chumvi.

30 Mei

Viota viwili bado hatujui viliko, kwa hiyo tunaendelea kukaa, na vitanda vinaendelea kukaa pembeni. Kimoja tulichozika umekwisha kukisoma. Nafunga karatasi hizi leo kwa sababu kuna mtu anasafiri kuja huko.

Sasa, dada, nimemaliza ya wengine, nakuja kwako. Usikasirike. Au kasirika, mimi nimekasirika msimu mzima na bado nakula.

Jana nilimpelekea shemeji supu, amelala chali kwenye ubao kama Nesi alivyoamuru. Alikunywa nusu yake. Kisha akaniuliza, akitazama dari aliyoitengeneza mwenyewe, "Shemeji, dada yako alidhani nitawauzia watu mayai?"

Nikakoroga supu iliyobaki. Swali lile la kwanza, "Nani aliniambia?", nalo nililikimbia. Nilipayuka nikaondoka. Mwanamume huyu umelala naye kitanda kimoja miaka yote hii. Ulipoondoka ulimkabidhi uenyekiti, ulimkabidhi funguo, ulimwonyesha hata chumvi inakaa wapi. Kigingi hukumwonyesha. Nami nimeketi naye vikaoni nikiona raha kujua asichokijua. Siri tuliyowafichia wezi, tukamfichia na mtu wa nyumbani, kisha tukampa ufuko wote autunze. Alivinyoosha kwa sababu alitaka ufurahi. Nimemkasirikia kwa haki, sirudishi neno, kiota kimoja kiko nyuma ya ukuta. Lakini hasira yangu ina mabaki, na nimetafuta pa kuyaweka, nimeona ni kwako na kwangu.

Nilimwambia nitakuuliza. Akasema, "Usimuulize, analea mtoto mchanga." Nakuuliza.

Kwa nini hukumwambia? Msalimie binti, mbusu mjukuu. Tafadhali jibu upesi, dada yangu, na jibu hilo usiniandikie mimi. Mwandikie yeye.